Umeme wa Uani

Tarehe 6 Februari

Mwanangu Fyuzi,

Nakusalimu nikiwa uani, nimekaa kwenye kigoda, karatasi juu ya paja, kalamu ya kuazima kwa kinyozi. Unamkumbuka kinyozi, mpangaji wa chumba cha mbele. Bado ana mdomo, bado ananyoa watu huku anawahubiria. Mwenye nyumba naye yupo, tumbo mbele kama kawaida. Mimi sijambo. Mguu wa kulia una ganzi bado tangu kiharusi cha mwaka jana, lakini wa kushoto umejifunza kukanyaga cherehani peke yake, na hakuna mteja anayejua pazia lake limeshonwa na mguu gani.

Na wewe je? Nasikia huko mnakosimamisha nguzo za umeme mkubwa hakuna hata mtandao wa simu, ndiyo maana tunaandikiana kama watu wa zamani. Sijali. Kwenye simu ungenikata katikati ya maneno, kwenye barua huwezi.

Sasa nakuja kwenye lililonikalisha hapa. Kile kibajaji changu cha umeme, cha magurudumu matatu, kimepigwa marufuku. Si na serikali, ni na mwenye nyumba. Nyumba nzima ina mita moja, wapangaji wanne tunachangia, na kinyozi akaanza maneno kwamba nikichomeka chaja yangu mashine zake zinakohoa kama zina pumu. Wengine wakadakia. Nikaambiwa nichague, niache kuchaji au nihame. Kwa hiyo kibajaji kimekaa uani chini ya turubai, na mimi nimekaa ndani. Kibanda changu cha mapazia kiko kule juu sokoni, na kile kilima unakijua. Kwa mguu huu sifiki.

Kaka yangu, yaani baba yako, kapata habari. Alikuja akasimama mlangoni, hata kukaa hakukaa, akasema mwisho wa Mei analeta lori lake la mchanga kubeba kila kilicho changu, nikaishi kwake. Chumba kipo, chakula kipo, nipumzike. Nikamwambia sijachoka. Akasema, "Mtu asiyeweza kwenda kazini ni mgonjwa, na mgonjwa hakai peke yake." Unamjua, akishapanga kapanga.

Fyuzi, mimi sitaki kupumzishwa. Siku nitakayokaa kwenye chumba cha mtu nikisubiri kuletewa chai, ujue nimekwisha. Wewe umeme unaujua tangu ulipokuwa unaunguza fyuzi za nyumbani na kujificha chini ya kitanda. Hakuna njia ya kupata umeme usiopita kwenye mita ya mwenye nyumba?

Ni mimi shangazi yako, nasubiri jibu.


Tarehe 27 Februari

Shikamoo shangazi,

Barua yako imekuja na gari la mizigo, limechelewa kwa sababu ya tope. Mimi niko salama. Nguzo tunazosimamisha ni ndefu kuliko jengo lolote la mjini kwenu, na ukipanda juu unaona vilima tu mpaka macho yanachoka. Msimamizi wetu ni mtu mwema ila anakoroma, mabati ya kambi yanatetemeka. Umeme utakaopita hapa ni wa miji ya mbali, sisi tunaoujenga hatuna hata taa ya njiani. Tunacheka tu.

Nimesoma shida yako zaidi ya mara moja. Njia ipo. Katika gari hili hili nimekufungia paneli mbili za sola za kukunja na boksi la betri lenye mpini. Vilikuwa vimekaa tu hapa, havina kazi. Paneli zinafunguka kama begi la nguo. Zitandaze uani pale jua linapofika mapema, ziinue kidogo kwa nyuma ziangalie jua, na likihama nawe zigeuze. Kivuli kisiziguse, hata cha kamba ya kuanikia. Waya wake unaingia kwenye boksi, na boksi likae kivulini, maana lenyewe halipendi joto. Boksi likijaa, chomeka chaja ya kibajaji humo kama unavyochomeka ukutani.

Betri ya kibajaji si kama ya gari. Gari lingekula jua la siku nyingi ndipo lisogee. Chako, jua zuri la kutwa moja linakupeleka sokoni na kukurudisha, na akiba inabaki. Kinyozi hana la kusema, na mwenye nyumba hawezi kudai kodi ya jua.

Zitunze tu, shangazi. Ukizitunza zitakaa miaka.

Msalimie kinyozi, na fundi viatu wa jirani. Wasalimie wote.

Mwanao, Fyuzi.


Tarehe 22 Machi

Mwanangu Fyuzi,

Marahaba. Mzigo umefika bila mkwaruzo. Nilipofungua zile paneli uani, wapangaji wote walitoka kutoa macho, kinyozi na wembe mkononi, mteja wake nusu kanyolewa. Kila mtu fundi ghafla. Huyu anasema upande huu, yule anasema kule. Nikawaambia hii mali ina mwenyewe na maelekezo yake ninayo kwenye barua, wakanywea.

Nakushukuru sana, mwanangu. Umenitoa machozi na mimi si mtu wa machozi. Nazitunza kama ulivyoniambia, kwa moyo wote, hata vumbi haligusi. Nazigeuza jua likihama. Boksi liko kivulini chini ya dirisha la jikoni.

Kibajaji kinaendelea. Sokoni nafika. Si kila siku, siku nyingine nashonea hapa hapa nyumbani, si kuna kazi nyingine haina haja ya kwenda. Halafu nilitaka kukuuliza, jua la mwaka huu mbona kama limepungua nguvu? Au ni mimi tu.

Baba yako alipita. Kaangalia paneli, kasema, "Mikeka hiyo itasukuma kibajaji?" Kakonda, shati linamning'inia. Tarehe yake ya lori haijabadilika, kanikumbusha mara mbili.

Kula vizuri huko. Na huyo anayekoroma mgeuzeni ubavu.

Shangazi yako.


Tarehe 9 Aprili

Shikamoo shangazi,

Nimefurahi mzigo umefika. Samahani kwa mwandiko, siku hizi naandika wakati wa chakula cha mchana, nimekaa juu ya pipa la waya na upepo unavuta karatasi. Kazi inaenda. Mwenzetu mmoja kaota uzee, anaamka analalamika mgongo kila asubuhi na ana miaka ishirini na minne.

Shangazi, nakuomba tusifichane. Umeandika "sokoni nafika, si kila siku". Kwa paneli zile ulitakiwa ufike kila siku na ubaki na akiba ya kumringia kinyozi. Jua halijapungua. Kuna kitu.

Boksi lina kioo kidogo chenye namba ya asilimia. Niambie jioni jua likizama inasoma ngapi. Niambie paneli zimekaaje, kuna mti, kuna ukuta, kuna nguo zimeanikwa karibu. Usiniandikie kama mtu anayemjibu daktari kwamba kila kitu kizuri. Mwisho wa Mei hauko mbali na barua zetu zina mwendo wa kobe.

Usijilazimishe kupanda kile kilima na chaji ndogo. Hilo nakusihi.

Mwanao, Fyuzi.


Tarehe 28 Aprili

Mwanangu Fyuzi,

Marahaba. Haya, umeniweka kona.

Hilo la kilima umenionya nikiwa nimeshalifanya. Wiki iliyopita niliondoka na mapazia ya mteja, yale mazito ya sebuleni, namba kwenye kioo haijafika nusu. Nikajipa moyo. Katikati ya kilima kibajaji kikanyamaza, hakikukohoa wala nini, kimenyamaza tu. Nikakaa pale na breki nimeishika kwa mikono miwili, watu wanapita, kila mmoja "pole mama, pole mama" na hakuna anayesimama. Muuza maji ndiye aliyeacha mkokoteni wake akanisukuma kando. Nilirudishwa nyumbani nimekokotwa kama kiti kibovu. Nilijisikia vibaya sana, Fyuzi. Si mguu ulioniuma, ni kule kukokotwa. Nikalala na mawazo kwamba labda kaka yangu anasema kweli.

Ndiyo maana sikukuandikia yote. Ulinikumbuka ukanitumia vitu vizuri, halafu nikuambie vimenishinda? Niliona haya mimi.

Sasa majibu yako. Jioni kioo kinasoma thelathini na kitu, siku ya jua kali arobaini. Haijawahi kuvuka hapo. Mti hakuna. Ukuta uko mbali. Kamba ya nguo nilimhamishia kinyozi upande wake na akanuna siku mbili. Paneli zimeinuka kwa nyuma, nimeziegemeza kwenye matofali. Nazigeuza. Na nimezitunza kama ulivyosema, kila moja nimeishonea foronya yake ya neti nyeupe, ile nyepesi ya chini ya pazia, na lesi pembeni, maana miaka yote hii neno la kwanza ninalomwambia mteja ni kwamba jua linapausha kitu, weka neti. Zile paneli ni nyeusi tii, Fyuzi. Kitu cheusi ndicho kinachopauka kwanza. Sikutaka zipauke.

Kwa hiyo upande wangu hakuna kosa. Angalia huenda boksi ndilo lina hitilafu.

Kaka yangu kaniambia ameshawaambia wapakiaji wake. Nimeanza kukunja vitambaa vya kwenye kabati, halafu navikunjua tena.

Shangazi yako.


Tarehe 15 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na nisamehe siulizi hali, gari linaondoka sasa hivi na dereva anapiga honi.

Vua hizo neti. Leo, saa hii, kabla hujamaliza kusoma. Paneli haipauki, chakula chake ni lile jua lenyewe, na wewe umeivalisha. Inakula kupitia kwenye shela. Kosa ni langu, mtu anamwambia mshona mapazia "zitunze" halafu anategemea asishone kitu.

Nimecheka mpaka nimekaa chini, halafu nimesoma tena ile ya kilima na kicheko kimeniishia. Pole sana. Laiti ningekuwepo nikusukume mimi.

Njia imekatika upande wa mtoni, wanasema gari litazunguka. Naomba hii ikuwahi. Ikikuwahi, jua la siku moja tu linakutosha kumwonyesha unayetaka kumwonyesha. Usianze kufunga mizigo.

Fyuzi.


Tarehe 9 Juni

Mwanangu Fyuzi,

Salamu kwanza, nawe ujifunze kusalimia hata kama dereva anapiga honi. Mimi mzima. Kinyozi mzima, siku hizi ananiita "mama mkubwa" na utajua kwa nini. Fundi viatu kapata mjukuu.

Barua yako iliniwahi, lakini kidogo tu ingeniacha. Ilifika lori limebaki siku nne. Nikaisoma nimesimama, nikazivua zile foronya kwa aibu, na wapangaji wote wananiangalia. Siku mbili mfululizo mawingu. Unajua moyo wa mtu anayeangalia mawingu? Sikula. Siku ya tatu likatoka jua la kuchoma utosi, nikawa nageuza paneli kila nikimaliza mshono mmoja. Jioni nikainama kwenye kioo, kinasoma mia. Nikamwita kinyozi aje anisomee, nisije nikawa najidanganya. Akasema mia, mama. Nikakichomeka kibajaji nikaenda kulala nikiwa nimevaa kabisa nguo za kesho.

Asubuhi ya lori mimi huyoo, sokoni. Nilipanda kile kilima na yale mapazia mazito, na nilipofika pale nilipokwama sikuangalia kulia wala kushoto. Nikafungua kibanda. Nikamfungia mteja mapazia yake. Nikanywa chai yangu na muuza ndoo kama zamani. Paneli niliziacha uani zinajaza boksi upya.

Nimerudi mchana, lori limesimama mlangoni, wapakiaji wawili wamelala kwenye bodi, na kaka yangu yuko uani kwenye kigoda changu. Kinyozi alimkuta amesimama mbele ya paneli, akamwambia, "Mzee, sogea, unamzuilia mama jua." Basi akasogea, akakaa pembeni, na tangu asubuhi hakuondoka.

Nilijiandaa kwa maneno makali, nilikuwa nayo mengi nimeyapanga tangu kilimani. Akaniangalia nikishuka kwenye kibajaji, akasema taratibu, "Kwa hiyo hutakuja." Hivyo tu. Na uso wake ulivyokuwa, Fyuzi, yale maneno yangu yote nikayasahau.

Nikamuuliza, kaka, una nini? Akasema chumba ameshakipaka rangi. Chumba kipi? Akasema, "Chako wewe." Amekitoa utando wa buibui, kanunua godoro jipya. Akasema tangu mama yako azikwe na wewe uondoke, nyumba ile imemzidi. Akirudi na lori jioni anakaa humo ndani mpaka redio inafunga matangazo. Alisema mguu wangu ulimpa sababu. Miezi yote hii nimemwona mtu anayetaka kunifungia ndani, kumbe ni mtu anayeogopa mlango wake mwenyewe. Nilimwonea huruma mpaka nikajisikia mjinga.

Wapakiaji nikawaambia waondoke na lori. Yeye akabaki, nikampikia. Na tumekubaliana hivi. Sihami. Ila kila Jumapili nakwenda kwake mwenyewe na kibajaji changu, paneli nimezifunga nyuma. Uwanja wake hauna kivuli hata cha nyasi, zinakula mpaka zinashiba, na jioni narudi kwangu bila kusukumwa na mtu. Siku ya kwanza alijifanya hamnazo, mara namwona anazigeuza mwenyewe. Kinyozi naye anachajia mashine zake kwangu umeme wa mita ukikatika, anabisha hodi kwa adabu.

Sasa jambo moja, na hili silizungushi. Siku ile uani, baada ya kula, kaka yangu aliuliza vitu hivi vimetoka wapi. Nikamwambia vimetoka kwako. Akavigusa, akavigeuza, akakuta jina lako umelikwaruza chini ya boksi na msumari. Akaniuliza, "Sasa yeye anatumia nini huko usiku?"

Mimi niliyekulea nusu ya utoto wako, sikuwahi kujiuliza. Uliandika havina kazi nikakuamini kwa sababu nilitaka kukuamini. Yeye ambaye hukumtaja katika barua hata moja, aliyekuambia ukienda usirudi, ndiye aliyeuliza. Halafu akauliza kama huko kuna baridi.

Kanunua taa ya sola yenye pa kuchajia simu, na koti. Vimo katika mzigo huu. Ndani ya koti kuna bahasha yake, sijaifungua na sijui kasema nini. Ilimchukua siku tatu kuiandika na kachana karatasi nyingi. Mimi nimewabebea wote wawili ukimya wenu tangu mama yako alipofariki, mwanangu, na nimechoka kuubeba. Yaliyobaki mwambiane.

Shangazi yako anayekupenda.


Tarehe 3 Julai

Shikamoo shangazi,

Mzigo umefika wote. Koti linanitosha, sijui alijuaje kwamba nimepanuka mabega. Naomba msamaha kwa ule uongo wa havina kazi. Niliona bora nikose mwanga mimi kuliko wewe ukose pa kwenda, na bado naona hivyo.

Likizo yangu imepitishwa, mwezi wa tisa. Nitafikia kwa baba, kwenye chumba changu cha zamani.

Hii yako ni fupi kwa sababu nimemaliza karatasi kwenye nyingine, iko humu humu, imefungwa. Ni ya baba. Usimtume mtu, mpelekee mwenyewe Jumapili umpe mkononi. Akianza kuisoma mbele yako, muache peke yake kidogo. Anaona aibu kulia mbele ya watu, na mimi nimerithi kwake.

Mwanao,
Fyuzi.